Roman: Jina Lililotoka Midomoni mwa Watu

Ndugu zangu waandishi chipukizi, ubishi wetu kuhusu lugha ya riwaya hauishi. Naomba leo tumwite shahidi kutoka mbali: neno la Kifaransa roman. Mfaransa akilitaja ana maana ya riwaya. Lakini kabla ya kuwa jina la kitabu, lilikuwa jina la lugha.

Zamani, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, wasomi na makasisi waliandika Kilatini. Mtu wa kawaida alikuwa haambulii kitu, kwani Kilatini cha mdomoni mwake kilishageuka kuwa lugha nyingine. Mwaka 813 maaskofu waliokutana Tours waliagiza mahubiri yatolewe kwa lugha hiyo ya watu wa shamba, au kwa Kijerumani, ili wote waelewe. Wakuu wa kanisa wenyewe, eti! Lugha hiyo ikaja kuitwa romanz, kutokana na romanice, yaani kusema kwa namna ya Kirumi, tofauti na kusema Kilatini chenyewe.

Katika karne ya 12, mtu akitoa kisa kwenye Kilatini, ilisemwa amekitia katika romanz. Ndivyo alivyofanya Wace. Alichukua historia ya wafalme wa Britania iliyoandikwa kwa Kilatini na Geoffrey wa Monmouth, akaigeuza mashairi, akamaliza mwaka 1155. Leo tunaiita Roman de Brut. Akafuata Chrétien de Troyes na visa vyake vya mashujaa wa Mfalme Arthur. Polepole jina la lugha likahamia kwenye hadithi zenyewe, likabaki huko hata zilipoanza kuandikwa kwa nathari.

Na sisi je? Riwaya ni neno la Kiarabu lenye maana ya kusimulia, kupokezana habari. Rawi alikuwa mtu aliyehifadhi mashairi kichwani na kuwasimulia wengine. Hilo nalo limetoka mdomoni.

Sasa basi, mbona mdomo unaogopwa? Mhariri mmoja alinirudishia mswada wangu ukiwa umejaa wino mwekundu. Konda wangu wa daladala anasema, "Suka, twen'zetu!" Mhariri akaandika pembeni: "Dereva, tafadhali tuondoke." Jamani, konda gani huyo? Abiria wangeteremka wote wakidhani gari limetekwa!

Lakini vijana wenzangu, msishangilie mapema. Wace na Chrétien walitumia lugha ya watu, ila hawakuitupatupa ovyo. Walitunga mistari ya mizani nane yenye vina viwili viwili. Mizani nane, kama tenzi zetu! Lugha ya watu waliipa kazi ngumu, nayo ikaiweza.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka. Nasoma kazi za chipukizi, nakuta maneno ya kijiweni tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mhuni anasema kihuni, sawa. Lakini daktari naye hivyo hivyo, shehe hivyo hivyo, na bibi aliyetoka kijijini jana anamwita mjukuu wake "mshikaji". Hiyo siyo lugha ya watu. Ni lugha ya mtu mmoja, mwandishi, aliyewavisha wahusika wote shati lake.

Lugha ya watu maana yake watu, tena wengi, na kila mmoja ana kinywa chake. Mhariri anataka konda aseme kama mwalimu wa sarufi, na sisi tunataka bibi aseme kama konda. Kosa ni lile lile: hakuna aliyesikiliza.

Mswada wangu nimeuchukua tena, nausoma kwa sauti, mhusika baada ya mhusika. Konda simgusi.