Mkono Unaochagua Mahindi

Novemba ikifika, mtaa wetu wa Tuwan hunukia mahindi mapya. Yanaletwa kutoka mashamba ya Trans Nzoia yakiwa bado na unyevu, na shangazi yangu huyaanika kwenye turubai umande ukishakauka. Kisha huketi, ungo mapajani, akachagua. Punje iliyotobolewa, iliyovunjika, yenye ukungu wa kijani: nje. Anapiga soga huku vidole havikosei.

“Hizi usimpe hata kuku, mwanangu,” huniambia.

Nausifu ufundi huu kwa moyo wote. Sumu ya ukungu haisambai sawasawa katika gunia. Hujikusanya katika punje chache, na mkono stadi unaweza kuzitoa nyingi kati yake. Sumu hiyo huitwa aflatoksini, nayo hutokana na kuvu, na moto wa kusongea ugali hauimalizi. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake, iliwapata watu 317, wakafa 125. Hiyo ni sumu ya ghafla. Ile ya kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, huharibu jeni iitwayo p53 ndani ya ini, na penye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari ya saratani huongezeka maradufu na zaidi.

Ini zima huishi kwa kushikana. Seli zake nyingi hutokeza nje protini ya kadherini-E, ikashikana na ya seli jirani kama fito zilizofungwa kabla ya ukuta kukandikwa. Protini nyingine, klaudini na okludini, huziba mianya, nyongo isivujie kwenye damu. Saratani ikikomaa, mara nyingi kadherini-E hupungua. Seli hulegea, huchomoka, huingia mshipani, na mara nyingi mapafu ndiyo huwa kituo chao cha kwanza nje ya ini. Lakini si kila kiunganishi cha seli hupotea: ziko klaudini ambazo wingi wake ndio huandamana na uvimbe mkali, na hapo watafiti bado wanafungua mafundo. Mimi hurudi kwenye ungo, kwa kuwa seli iliyokwisha kuchomoka ni vigumu mno kuirudisha ukutani.

Jioni shangazi hutia punje na chumvi kavu katika chupa, akaitikisa, akaiinua kwenye mwanga. Jana chumvi iliganda kwenye kioo, dalili ya unyevu, mahindi yakarudi juani. Leo imeteleza yote hadi chini. Ameitazama mara ya pili, kisha akawaita watoto walete magunia.