Asili ya "Bunkum" na Tatizo la Kufasiri "Debunk"

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yahusuyo kauli iliyopoteza itibari, ni machache ambayo asili yake yajulikana waziwazi kama ya bunkum. Mwaka 1820 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilikuwa likijadili iwapo Missouri iingizwe katika muungano ikiwa jimbo lenye utumwa. Felix Walker, mjumbe wa North Carolina, alishika kusema wakati wenzake wakidai kura ipigwe. Hakuketi, alijibu kuwa hotuba yake ni kwa ajili ya Buncombe, wilaya iliyomo katika eneo lake la uchaguzi. Basi jina la wilaya likawa jina la maneno matupu, tahajia ikageuka, na baadaye likafupishwa kuwa bunk. (Haifai kusahauliwa kwamba kilichokuwa kikingojea kura ni hatima ya watumwa.)

Mwaka 1923 W. E. Woodward, katika riwaya yake Bunk, alitanguliza kiambishi de- akapata debunk: kukiondolea upuuzi kitu kinachoheshimiwa. Mwaka 1926 alitoa wasifu wa George Washington kwa mtazamo uo huo.

Hapa ndipo wafasiri wa Kiswahili wanapoteleza. Kukanusha, neno lipendwalo na magazeti, halitoshi. Anayekanusha amesema "si kweli" tu. Hata mwizi hukanusha. Kukadhibisha kwakaribia zaidi, ila nako kwaweza kuwa kumwita mtu mwongo pasipo ushahidi wowote. Kufichua ni kutoa siri, na porojo si siri: husemwa hadharani, tena kwa sauti kubwa.

Neno linalostahili kufikiriwa ni kuumbua. Umbo lake ni lile la funga na fungua, ziba na zibua: kilichoumbwa kinaumbuliwa, na kauli ya kutendua yafanya mwishoni mwa kitenzi kazi ifanywayo na de- mwanzoni. Kasoro yake ni kwamba huumbuliwa mtu zaidi kuliko kauli. Msomi akiambiwa nadharia yake imeumbuliwa, huenda akadhani ametukanwa. Lakini fedheha hiyo imo katika debunk pia. Woodward hakukusudia kusahihisha tarehe tu. Alikuwa akivua watu vilemba vya ukoka. Kwa hiyo kuumbua dai kwafaa pale ushahidi unapoandamana na dhihaka. Penye ushahidi peke yake, kubatilisha kwatosha.