Kilumi: Ngoma Isiyo na Watazamaji

Wengi wanapotaja ngoma za Wakamba huwaza vijana warukao na kupinduka hewani. Kilumi si ngoma ya namna hiyo. Ni ngoma ya kale, na aghalabu wenye kuiongoza ni wanawake wazee. Huchezwa kwa kuwatuliza roho za mababu, ziitwazo aimu, na kwa kuomba mvua. Ngoma ya mvua huambatana na ithembo, yaani mahali patakatifu penye mti mkubwa usioruhusiwa kukatwa, ambapo wazee hutoa sadaka.

Yampasa mhakiki aulize kwanza ngoma imekusudiwa nini. Asiyeuliza hivyo atailaumu kilumi kwa makosa isiyo nayo. Atasema kwamba wimbo hurudiwa mno. Lakini mwombaji hurudia. Mtoto mwenye njaa hamwiti mama yake mara moja akanyamaza. Katika nchi kavu kama Nuu, ambako mvua za Oktoba hadi Disemba zikikosekana ghala hubaki tupu, marudio hayo ndiyo nguvu ya wimbo. Atasema pia kwamba hatua za wachezaji hazina madoido. Lakini hapo hapana mtazamaji wa kufurahishwa: kila aliyefika ana shamba linyaukalo.

Wamisionari wa Africa Inland Mission, walioanza kazi yao Nzaui mwaka 1895, waliwakataza waumini ngoma za jadi. Sisi tuliosoma tumeidhuru kilumi kwa njia nyingine, nayo ni kuisifu bila kuielewa. Tangu mwaka 1927 Kenya imekuwa na tamasha la muziki, na ni jambo jema ngoma zetu zikipata nafasi humo. Lakini mara nyingi twaifupisha ngoma ya ibada ili itoshe dakika chache, twaiongezea mbio, kisha twawafundisha vijana kutabasamu mbele ya waamuzi. Ni nani aombaye mvua wakati wa kiangazi huku akitabasamu?

Wako wasemao kwamba elimu ya hali ya hewa imeifanya kilumi kuwa upuuzi. Natutazame mbali kidogo. Sherehe ya Gion ya hekalu la Yasaka, mjini Kyoto, ilianza mwaka 869 kwa kuomba tauni iondoke. Wajapani wa leo wajua vema asili ya magonjwa, wala hawakuitupa sherehe yao.

Basi kilumi na ipande jukwaani, ila ibaki na uzito wake: mwendo wake usiharakishwe, na wachezaji waelezwe wanaomba nini. Mwanafunzi akiulizwa mvua hutoka wapi, na ataje pepo za Bahari ya Hindi. Akiulizwa kama kilumi ni sanaa njema, asihesabu miruko. Na asikilize kama sauti za waimbaji ni za watu wenye haja.