Uzi Mmoja na Kisigino

Kwa Kichewa tsoka ni mkosi, na madalitso ni baraka. Nilikuwa soko la Tsoka, Lilongwe, nikipekua mitumba, simu ya muuza viatu ikaanza kuimba Madalitso Band. Nikasimama, shati mkononi.

Ni watu wawili tu, Yobu Maligwa na Yosefe Kalekeni, waliopiga muziki barabarani palepale Lilongwe miaka mingi kabla Ulaya haijawasikia. Yosefe anapiga gitaa la nyuzi nne huku mguu wake ukigonga ngoma ya ngozi ya ng'ombe. Yobu ana babatoni: uzi mmoja kwenye mti mrefu kuliko yeye. Chupa inateleza juu ya uzi, sauti inapanda, inashuka, kama mtu anayemwita jirani ng'ambo ya mto. Huo ndio ufundi ninaouheshimu.

Albamu niliyoisikia ni Musakayike, iliyotolewa mwaka 2022 na Bongo Joe ya Geneva. Maana yake, msiwe na shaka. Mshindo wake siutilii shaka: ni ule ambao bendi za roki huutafuta kwa umeme na ngoma chungu nzima.

Kasoro ipo, nayo ni mwendo. Nyimbo zinakimbizana kwa kasi ileile hadi zinafanana. Mpita njia husikia wimbo mmoja akaenda zake. Mwenye albamu anakaa nayo. Ningetamani wimbo mmoja wa taratibu, babatoni ikiongea peke yake.

Tena, kwenye simu besi inapotea kabisa. Niliporudi Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, kinyozi wetu aliichomeka simu yangu kwenye sabufa. Benchi likatetemeka. Mzee mmoja wa Uvira, Kongo, aliyekuwa akisubiri zamu, asiyejua neno la Kichewa, akaanza kugonga kisigino vumbini bila kujijua.

Vijana wetu wanaojiandaa na Tumaini, tamasha linalofanyika hapa kambini tangu 2014, hulia kila mwaka kwamba hawana vyombo. Nawaomba wapite kwa kinyozi waisikilize Musakayike, na sabufa ifunguliwe hadi mwisho.