Anayelala Chini ya Gari

Mjomba wangu aliendesha trekta ya kuvuta miwa. Kila alfajiri kabla ya kuiwasha alilala chali chini ya trela, pale uani kwetu Bumula, tochi ikiwa mdomoni, nami nilichuchumaa kando yake kumshikia spana. Aligonga nati moja baada ya nyingine kwa nyundo ndogo. Nati iliyokazwa hutoa mlio mkali na mfupi. Iliyolegea husikika bubu, kama sufuria iliyojaa ugali. Akifika kwenye pini inayounganisha trela na trekta aliweka nyundo chini. Aliichomoa, akaipangusa grisi kwa kitambaa, akaiviringisha kiganjani, kisha akaielekeza kwenye mwanga kutazama kama imeliwa upande.

Siku moja nilimuuliza, "Khocha, si jana tu uliiangalia?"

"Jana haijui leo nitapakia tani ngapi," akasema, akaendelea.

Kazi yake ilikuwa kubeba miwa kutoka mashamba ya Siboti na Khasoko hadi kiwanda cha Nzoia, kile kilichoanzishwa mwaka 1975. Barabara zilikuwa za udongo, zenye mashimo wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua, na pembeni watoto kama mimi wakikimbilia trela kuchomoa miwa. Trela ikikatika kwenye mteremko, haichagui itamwangukia mtoto wa nani. Nilikuwa mdogo, nikadhani mjomba anapenda tu vyuma.

Miaka mingi baadaye nilikwenda Nairobi kutazama otokrosi, mbio za magari kwenye njia fupi ya udongo ambapo kila dereva hushindana na saa. Nilifika mapema mno, kabla hata ya watu wa kuuza mahindi choma. Magari yalikuwa foleni, na mbele ya foleni, chini ya gari dogo lililopakwa rangi ya samawati, ilichomoza miguu ya mtu aliyelala chali. Sikuona uso, lakini mkao ule niliufahamu. Alipotoka alikuwa mama wa makamo mwenye ovaroli, tochi mkononi, ubao wa karatasi kwapani: mkaguzi wa magari ya mbio. Siku ile nilitazama mbio kidogo sana. Nilibaki karibu na foleni.

Kazi kama yake ipo popote magari yanaposhindana. Kwetu Bumula hatuna uwanja wa mbio, lakini mbio za malori madogo kwenye njia fupi zina kwao, nako ni Marekani. Huko NASCAR, chama cha mbio za magari, ina mfululizo mzima wa mbio za pikapu tangu mwaka 1995, na baadhi huendeshwa kwenye viwanja kama Martinsville, ambako mzunguko mmoja ni kama mita 850 tu. Mahali pafupi hivyo magari hukaa yamebanana kama ng'ombe kwenye josho, na sentimita moja ya bati iliyopindwa kwa ujanja inaweza kumpa mtu nafasi asiyostahili. Ndiyo maana wakaguzi wa kule kwa miaka mingi walilaza vigezo vya alumini juu ya bodi ya gari, kama fundi cherehani anavyolaza karatasi ya muundo juu ya kitambaa, na kutazama mwanga unapopenya. Siku hizi kamera na projekta hupima bodi nzima kwa muda mfupi. Kamera ni nzuri, lakini moyo wangu uko kwa yule mwenye tochi.

Hapa Kenya kazi hiyo ya ukaguzi huendeshwa chini ya Shirikisho la Michezo ya Magari, KMSF, kwa kanuni zinazofuata zile za FIA, shirikisho la dunia. Kwenye karatasi kanuni hizo ni kavu. Uzuri wake huonekana zinapopita mikononi mwa mtu.

Chukua kizimba, yaani yale mabomba ya chuma yanayojengwa ndani ya gari ili likibiringika paa lisiwabane waliomo. Kanuni za FIA zinataka bomba lisilo na mshono, lililovutwa chuma kikiwa baridi. Upinde mkuu ulio nyuma ya vichwa vya watu uwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au 50 kwa 2. Kipenyo utakipima kwa chombo. Unene hauonekani kwa nje, kwa hiyo karatasi za kizimba husomwa kwa makini, kama mtu anavyosoma hati ya shamba kabla ya kulipa. Kisha mkaguzi anapitisha kidole kwenye kila kiungo kilicholehemiwa. Nilimwona yule mama akifumba macho alipofanya hivyo. Rangi mpya huficha ufa machoni, lakini kidole kinachosogea polepole hukwama hata penye mpasuko mwembamba kama unywele.

Au chukua mikanda. Kila mkanda una lebo yenye mwaka wa mwisho wa kutumika, nao mkanda ambao mwaka wake umepita hautumiki hata kama unang'aa. Kiti nacho, cha aina ile ya kawaida, umri wake ni miaka 5 tangu kilipotengenezwa. Mtungi wa kuzimia moto lazima ukaguliwe kila baada ya miaka 2. Nilisikia madereva wakinung'unika, na siwalaumu, maana vitu hivyo ni ghali na wengi wao hushindana kwa pesa za mifuko yao. Ila nyuzi za mkanda huchoka kwa jua na jasho bila kumwambia mtu, na mkaguzi ndiye pekee pale aliyepewa kazi ya kulikumbuka hilo.

Kilichonivutia kuliko vyote ni visu viwili vidogo. Gari la mbio za rali lazima libebe vikata-mikanda viwili, na kanuni inasema dereva na msomaji ramani wake waweze kuvifikia wakiwa wameketi na kufungwa. Mkaguzi mvivu angeviona vimening'inia, akaweka alama ya vema, akamwita anayefuata. Yule mama alimwambia kijana, "Ingia, jifunge kabisa, kaza kama unavyokaza siku ya mbio." Kijana akaingia, akakaza. "Sasa kishike." Kijana akanyoosha mkono, ukapungukiwa kiasi cha kidole kimoja. Akajaribu tena, mabega yakiwa yamebanwa, akashindwa. Hakuna aliyecheka. Kisu kilihamishwa pale pale, kikafungwa upya karibu na goti, na yule kijana alikishika mara tatu mbele yake kabla ya kuruhusiwa kushuka.

Halafu ikaja swichi ya kukata umeme, ile inayowekwa ndani na nje ya gari, ya nje ikitambulishwa kwa alama ya cheche kwenye pembetatu ya samawati. Kuwepo tu hakutoshi. Injini inawashwa, inaachwa ingurume, mkaguzi anakata swichi, na injini inapaswa kufa papo hapo. Gari lililopinduka huku mafuta yakivuja halitasubiri mtu atafute funguo.

Kuna pia karatasi moja ambayo kila gari la rali hubeba, upande mmoja ikiwa na herufi nyekundu za SOS na upande wa pili OK ya kijani. Aliyepata ajali na hahitaji daktari anatakiwa kuwaonyesha OK angalau watatu wanaofuata. Akionyesha SOS, anayekuja nyuma lazima asimame, hata kama alikuwa anaongoza, hata kama amebakiza kilomita mbili. Mkaguzi huitafuta karatasi hiyo, kuhakikisha haikuzikwa chini ya jeki na gurudumu la akiba. Mchezo unaowalazimisha watu kuacha ushindi ili kumwokoa jirani, na ukamweka mtu wa kuhakikisha karatasi ya kuitia msaada iko karibu na mkono, nauheshimu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mkaguzi hahukumu. Anapima, anaandika alichokuta, anapeleka ripoti. Uamuzi wa kumfuta mtu ni wa wasimamizi wa mashindano, ambao hawakulala chini ya gari lolote. Matokeo ya muda yakibandikwa, mwenye pingamizi ana dakika 30 za kuliwasilisha. Tena kupita ukaguzi si cheti cha usafi: kwa kanuni za kimataifa, ukileta gari lako kwenye ukaguzi umeshatangaza kwamba linafuata sheria, na likikutwa vingine baadaye mzigo ni wako. Napenda mgawanyo huo. Mwenye jicho hana rungu, na mwenye rungu hawezi kulitumia pasipo jicho.

Ukaguzi wa baada ya mbio una uzito wake. Magari huingizwa uwanja uliofungwa ambamo hata mwenye gari haruhusiwi kugusa kitu. Sili za waya na risasi zilizotiwa kwenye injini au turbo hutazamwa kama bado ni nzima. Hapo ndipo historia kadhaa za mchezo huu zilipogeukia. Tarehe 19 Juni 1949, huko Charlotte, NASCAR iliendesha mbio zake za kwanza za magari ya kawaida kama yalivyotoka kiwandani. Glenn Dunnaway alimaliza wa kwanza. Wakaguzi wakachungulia springi za nyuma, wakakuta zimebadilishwa kwa namna waliyoitumia wasafirishaji wa pombe haramu ili gari lisilale kwenye kona likiwa na mzigo. Ushindi akapewa Jim Roper. Mwenye gari alikwenda mahakamani, akashindwa, na tangu hapo kila fundi wa kule alijua kwamba mbio haziishi kwenye mstari.

Ufundi wa kuficha nao ni ufundi, lazima nikiri. Smokey Yunick, fundi wa Florida, aliona kanuni inataja ukubwa wa tangi la mafuta bila kutaja bomba. Basi akatengeneza bomba la futi 11, nene kupita haja, likabeba mafuta ya ziada. Mwaka 1995 kwenye rali ya Catalunya timu ya Toyota ilinaswa na jambo la kina zaidi. Hewa ya turbo ilipaswa kupita kwenye pete yenye tundu la milimita 34, ili nguvu za magari zisipishane sana. Ukifungua klipu kukagua, pete ilikuwa mahali pake na kipimo chake sahihi. Ukikaza klipu kwa safari, springi zilizofichwa ziliisogeza kidogo tu, na hewa ikapata njia ya pembeni. Yaani kitendo chenyewe cha kukagua ndicho kilichofuta ushahidi. Timu ikapoteza pointi zote, ikafungiwa miezi 12. Rais wa FIA wa wakati huo, Max Mosley, hakuficha kwamba katika miaka yake yote hakuwa ameona kifaa cha werevu kama kile. Mimi huwafikiria zaidi waliokigundua: mtu aliyeshika pete yenye kipimo sahihi mkononi, bado akahisi kuna kitu, akarudi kukitazama tena.

Na kanuni zenyewe hubadilika kulingana na wanachotaka watu. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yaligawanywa makundi kwa bei ya dukani. Waandaaji walitaka kujua gari gani la shilingi zipi litastahimili barabara zetu, na kwa swali hilo bei ilikuwa kipimo sawa.

Waamuzi wa saa nao wana siku yao. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström, wote kwenye Datsun, walimaliza Safari wakiwa na adhabu ya dakika 406 kila mmoja. Maelfu ya kilomita za matope na vumbi, na hesabu ikatoka sawa. Ikabidi karatasi za vituo zifunguliwe upya kutafuta nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Alikuwa Mehta, na huo ukawa wa kwanza kati ya ushindi wake mara 5. Namwazia mtu aliyekaa usiku na meza ndogo, taa ya chemli na saa, akiandika dakika ya kila gari kwa mwandiko unaosomeka, asijue kwamba siku chache baadaye taji lote litaegemea karatasi kama ile yake.

Jioni ile Nairobi nilimsalimu yule mama. Mikono ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko. Nikamwambia shikamoo, nikamweleza habari za mjomba na trela ya miwa. Hakuuliza mengi. Aliuliza kama pini ilikuwa ikiliwa upande wa mbele au wa nyuma.

Sikukumbuka. Nilipofika nyumbani nilikwenda kuiangalia. Asubuhi moja ya utoto wangu mjomba aliichomoa, akaiviringisha, akaielekeza kwenye mwanga, na hakuirudisha. Trekta ililala siku hiyo nzima, na malipo ya siku hiyo yakapotea, hadi mpya ilipoletwa kutoka mjini Bungoma. Ile ya zamani aliiweka juu ya dirisha la jikoni, na ipo hadi leo. Imeliwa upande wa mbele, kwa kina cha ukucha wa kidole gumba, na huwezi kuliona hilo hadi uigeuze.