Kauli Inayomficha Mtenda

Waliopinga mswada wa kuwapeleka watuhumiwa Uchina bara, huko Hong Kong mwaka 2019, walikuwa na madai matano, na mojawapo lilihusu neno. Maandamano ya tarehe 12 Juni, yaliyotawanywa na polisi kwa gesi ya machozi na risasi za mpira, yaliitwa na wakuu “ghasia”. Waandamanaji wakataka jina hilo lifutwe. Si kwamba walikuwa wakitafuta ufasaha: kwa sheria ya huko, kosa la ghasia laweza kumfunga mtu miaka 10.

Nasi walimu wa Kiswahili tunalo la kujikosoa. Tukisimulia mambo kama hayo twapenda kusema “risasi ilifyatuka”. Kauli ya kutendeka ni mali ya lugha yetu, walakini hapa inamsitiri mtenda. Tarehe 1 Oktoba askari alifyatua risasi, ikampata kifuani kijana wa miaka 18 aliyekuwa akimshambulia kwa fimbo. Mwezi Novemba twasikia mfagiaji wa miaka 70 “alipigwa na tofali” akafa. Na tofali, tangu lini lina mikono? Alipigwa kwa tofali, na mtu, katika mapambano ya waandamanaji na wakazi. Shabiki wa kila upande humtaja mtenda mmoja, akamfichia kauli wa pili.

Dai jingine lilikuwa tume huru ya kuchunguza mwenendo wa polisi. Serikali ilikataa, ikaiachia kazi hiyo baraza la malalamiko dhidi ya polisi, lisilo na mamlaka ya kuwalazimisha mashahidi kufika mbele yake.