Bukoba hadi Dar kwa saa 1 na dakika 17? Labda kwenye kikokotoo

Hebu fungua kikokotoo chochote cha umbali wa ndege mtandaoni, andika Bukoba na Dar es Salaam. Jibu linakuja chap: takriban kilomita 1,025, muda saa moja na dakika kadhaa. Sasa mpe jibu hilo mgonjwa wa Muleba mwenye miadi Muhimbili saa 5 asubuhi, uone kama atawahi.

Tutende haki kwanza: kilomita ziko sawa. Kikokotoo kinachukua latitudo na longitudo za viwanja viwili, kisha kinapima njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Ukifanya hesabu hiyo mwenyewe, utapata jibu lilelile.

Tatizo ni muda. Vikokotoo vingi hugawanya umbali kwa kasi ya ndege kubwa za jeti, tuseme kilomita 800 kwa saa. Ndiyo unapata saa 1 na dakika 17. Lakini uwanja wa Bukoba ni mfupi, umebanwa na ziwa, na ndege za abiria unazoziona pale ni za mapangaboi. ATR, kwa mfano, huenda kama kilomita 500 kwa saa. Gawanya tena: zaidi ya saa mbili, na hapo hujahesabu kupanda, kushuka wala kuzunguka uwanjani.

Kuna jambo jingine tamu zaidi. Tuseme ndege inapitia Mwanza. Umbali unaongezeka kwa kiasi gani? Bukoba–Mwanza ni kama kilomita 175, Mwanza–Dar kama 852. Jumla 1,027. Kilomita mbili tu! Kwa kikokotoo, Mwanza ni kama haipo. Kwa abiria, kuna kutua, watu kushuka, mizigo kupakiwa, kisha kuruka upya. Umbali uleule, muda mwingine kabisa.

Halafu kuna hali ya hewa ya ziwa. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyotoka Dar ilianguka ziwani, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 19 walifariki. Kwa hiyo rubani akisema tunasubiri mvua ipite, usimnunie. Dakika hizo ni za safari, na ni halali yake.

Na mgonjwa wetu? Safari yake haianzii uwanjani. Inaanzia Muleba, alfajiri, kwenye Haisi isiyoondoka mpaka ijae, zaidi ya kilomita 50 kabla hajaiona ndege. Akifika Dar, kuna foleni ya Barabara ya Nyerere.

Kikokotoo kingekuwa mkweli zaidi kama kingeuliza ni ndege gani, inatua wapi njiani, na wewe unatokea wapi. Kwa sasa, chukua kilomita zake, muda mwachie mwenyewe. Na yule wa Muleba mwambie, waitu, asafiri siku moja kabla.